Ukuta wa chokaa unataka kupumua: tunayofundishana Mji Mkongwe

Wanaokuja mara ya kwanza kwenye warsha zetu za nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, hudhani watasomewa historia ya masultani. Sisi huwapeleka uchochoroni, tukasimama mbele ya ukuta, kila mmoja akaugonga kwa konzi. Penye lipu ya chokaa iliyoshika, mlio ni mzito. Penye lipu ya saruji mara nyingi hulia kama debe tupu, maana lipu imeshaachana na ukuta, na ukiibandua unakuta unga mweupe wa chumvi.

Unga ule ndio somo lenyewe. Nyumba hizi, nyingi za karne ya 19, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, hunyonya maji ya ardhini kama utambi wa kandili unavyonyonya mafuta. Mafundi wa zamani walilijua hilo, nao hawakushindana na maji. Waliyaachia njia: yapande kidogo, yatokee kwenye lipu ya chokaa, upepo uyakaushe. Ukiuziba ukuta kwa saruji, maji hayaendi popote. Yanazidi kupanda yakitafuta pa kutokea, mpaka yafike kwenye ncha za boriti zilizochomekwa ukutani. Ncha zikioza, dari haina tena inapoegemea.

Na wengi wanaopaka saruji ni watu wanaoipenda nyumba yao. Wamejinyima, wamekusanya fedha, wamenunua kilichopo dukani. Saruji hukauka upesi. Chokaa inataka subira. Ndiyo maana siku ya pili yote tunaitoa kwa chokaa. Tunatia maji kwenye chokaa hai, yaani mawe ya chokaa yaliyochomwa kwenye tanuri na bado hayajaguswa na maji, inachemka na kufuka mvuke mbele ya macho ya watu, na hapo watoto hukaa mbali na anayekoroga huvaa miwani na glavu, kwani ikiruka jichoni inaweza kupofua. Kisha huachwa shimoni wiki kadhaa mpaka ilainike kama samli. Ikishapakwa ukutani huvuta hewa ya ukaa na kurudi polepole kuwa jiwe, kama lile lililoingia kwenye tanuri.

Hata hivyo, elimu nyingine hatuleti sisi. Bibi mmoja alitusimulia jinsi sakafu ya juu ya nyumba yao ilivyopigiliwa kwa vipande vya mti siku nyingi, watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Akaongeza kitu ambacho mimi, pamoja na kusomea kazi hii, sikuwahi kukiandika: mama yake hakukubali sanduku zito liwekwe katikati ya chumba, lazima lisogezwe ukutani. Hesabu za uhandisi zinamuunga mkono yule mama. Boriti za mikoko ni fupi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba, upana wake kiasi cha mita 3 tu, na boriti huelemewa zaidi katikati. Leo tunapandisha juu tangi la maji la lita 1,000, yaani tani nzima, tukaliweka palepale sanduku lilipokatazwa.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, lakini mimi huwaambia washiriki kwamba cheo hakibebi dari. Tangu siku ile watu hutuuliza kuhusu nyufa kuliko kitu chochote.

Basi kwa mwenye ufa nyumbani, fanya hivi kabla ya masika. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe pembeni. Panda juu, uzibue mifereji, utazame bati linavuja wapi. Chukua bisibisi, uchome taratibu ncha ya boriti pale inapoingia ukutani: ikizama kama kwenye mkate, imeoza. Ufa ukivuka alama yako, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama, watoe watu kwenye chumba hicho siku hiyohiyo, kisha nenda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla hujamwita fundi. Kibali chao kinahitajika kwa ukarabati wowote, na hapo ndipo pa kuulizia fundi anayejua chokaa.