Trikoptera wa milimita 5: ninavyoieleza spishi mpya

Wanaonikuta nimeinamia hadubini hudhani kwamba kueleza spishi mpya ni kumtazama mdudu kwa makini na kuandika kila kinachoonekana. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mwili wake haina jipya la kusema. Dume ninayemwandikia sasa, aliyenaswa usiku kwa taa ya mionzi ya urujuanimno kando ya kijito katika miteremko ya Milima ya Uluguru, ana bawa la mbele lenye urefu wa milimita 5 na rangi ya kahawia inayokaribia weusi, na ukimlaza pamoja na ndugu zake kumi, tofauti huipati hata kwa dawa.

Trikoptera hufanana na nondo wadogo, na kwa kweli ni jamaa wa karibu wa nondo na vipepeo, ila mabawa yao yana vinyweleo badala ya magamba. Ndiyo maana William Kirby, mwaka 1813, aliiita oda yao Trichoptera, kutokana na maneno ya Kigiriki ya nywele na bawa. Wakitua, huyalaza mabawa juu ya mgongo kama paa la nyumba. Mabuu yao huishi majini; wale wa jenasi ya Chimarra, ambayo ndiyo ya dume wangu, husokota mifuko ya hariri chini ya mawe na kuchuja humo chembe laini zinazoletwa na mkondo.

Jenasi haikunisumbua. Kichwani ana macho madogo matatu, mbali na yale mawili makubwa ya pembeni, na hilo peke yake huziondoa familia nyingi. Kisha nilihesabu miiba mikubwa ya miundi: 1 katika mguu wa mbele, 4 katika wa kati na 4 katika wa nyuma, hesabu ambayo kila anayeshughulika na Chimarra anaijua kwa moyo.

Kazi yenyewe huanzia kwenye ncha ya tumbo. Hukata tumbo kwa kibano chenye ncha kali na kuliloweka katika myeyusho wa hidroksidi ya potasiamu wa asilimia 10 hadi nyama yote iyeyuke na kubaki gamba tupu, linalopitisha mwanga kama ganda la kitunguu. Baada ya kulisuuza, huliweka katika tone la gliserini na kuliegemeza kwa nyuzi chache za pamba ili lisijigeuze. Hapo ndipo viungo vya uzazi vya dume huonekana bayana: vishikio viwili vya kumkamata jike, vipande vya pembeni vya pingili ya 10, na uume wenye miiba ndani yake. Spishi mbili zinazofanana kwa kila hali nyingine huachana hapa.

Lakini hapa pia ndipo mtu hudanganyika. Mwanzoni mwa kazi hii nilipata madume wawili, mmoja akiwa na miiba ndani ya uume na mwingine akiwa nayo nje, imeelekea chini. Niliandika lebo mbili na kuchora kwa wiki nzima, nikijihesabu mwenye bahati. Kumbe uume wa jenasi hii una utando unaoweza kurudi ndani au kutokeza nje, kama kidole cha glavu kinavyopinduliwa, na miiba ile ile huhama pamoja nao. Nilikuwa na spishi moja, tena iliyokwisha kupewa jina zamani. Tangu hapo simwamini dume mmoja, na umbo ninaloliona kutoka pembeni silikubali mpaka nilione pia kutoka juu na kutoka chini.

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka jina lolote jipya la baada ya mwaka 1930 liandamane na maelezo yanayotaja sifa zinazoitofautisha spishi. Kwa hiyo mimi huanza kuandika ulinganisho kabla ya maelezo kamili: ni spishi ipi iliyo karibu zaidi na hii, na kishikio kimeachana nayo wapi. Kuandika kwamba kishikio ni kirefu hakumsaidii mtu. Kuandika kwamba urefu wake ni mara mbili ya upana wa kitako chake, na kwamba ncha yake imepinda kwa ndani, humwezesha msomaji kupima mwenyewe.

Dume mmoja atateuliwa kuwa holotaipu, yaani kielelezo kinachobeba jina, na makala itataja makumbusho yatakayomhifadhi. Jina sitalitaja hapa, kwani majina ya kisayansi hayatangazwi kabla ya maelezo yake kuchapishwa. Itoshe kusema kwamba Chimarra kwa Kilatini ni ya jinsia ya kike, na kivumishi hakina budi kukubaliana nayo, jambo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea ngeli tangu utotoni, halimpi taabu.

Nina madume watatu. Majike walionaswa usiku ule nimewaacha nje ya maelezo, kwa kuwa taa ile ile ilivuta pia spishi nyingine ya Chimarra, na kwa umbo pekee siwezi kusema nani ni wa nani. Wamo katika kichupa cha ethanoli chenye lebo ya penseli: Chimarra, majike.