Kujisajili SHA sio kulipa SHA

Jamani, leo tena. Kijana amemleta babake, mzee ameanguka akavunjika nyonga, wamempa kitanda wodi ya wanaume, na nikiuliza bili italipwaje naambiwa "madam, si tuko na SHA," yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii hapa Kenya, halafu simu inatolewa kunionyesha ile meseji ya usajili. Tukicheki kwa sistimu jina la mzee lipo, namba ya kitambulisho ipo, malipo hakuna. Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii kwenye hospitali ya levo (ngazi) ya 5, mtu akishindwa na bili analetwa kwangu, na hii "tuko na SHA" imenichosha kabisa kwa sababu wanaoisema hawadanganyi, ndivyo walivyoelezwa.

Sasa skizeni. SHA ni mamlaka. Ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya afya ya zamani ya serikali, tarehe 1 Oktoba 2024, na chini yake kuna mifuko mitatu ambayo watu wanaiweka yote kwenye gunia moja. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, pesa yake inatoka serikalini, na huu ndio unaofunguka ukijisajili tu: unaenda zahanati (levo ya 2) au kituo cha afya (levo ya 3), unatibiwa malaria au kikohozi cha mtoto, unarudi nyumbani bila kulipa. Wa pili ni SHIF, huu ndio bima yenyewe, ndio unaolipia kitanda, upasuaji, kusafishwa figo, na haufunguki mpaka uwe umelipa mchango wako. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, na kwa magonjwa sugu unaingia pale SHIF imefika mwisho, kwa hivyo hapo kama SHIF hujalipia usiuhesabu.

Mwenye mshahara hana shida, anakatwa asilimia 2.75 kabla hajaiona. Shida iko kwa mama mboga, mtu wa boda, fundi wa jua kali, yaani wengi wetu. Hawa wanajibu maswali kwanza, nyumba imeezekwa na nini, sakafu ni ya nini, maji mnatoa wapi, kisha mashine inawapangia kiwango, na kiwango hicho kinalipwa cha mwaka mzima kwa mpigo. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Sasa linganisha na kitanda: SHA inalipa levo ya 5 shilingi 3,920 kwa SIKU. Mwaka mzima wa familia haufiki bei ya siku moja wodini! Ndio maana roho inaniuma nikiona mzee wa nyonga, ambaye atalala hapa muda mrefu, ana meseji tu.

Akina mama wajawazito nao naomba mnisikize. Linda Mama ya zamani, ule mpango wa serikali wa wajawazito, ulikuwa unajiandikisha na unajifungua bure. Siku hizi kujifungua kuko ndani ya SHIF, 10,000 kwa njia ya kawaida na 30,000 kwa upasuaji, lakini mchango uwe umelipwa. Ukingoja uchungu uanze ndio mzee wako akimbie kutafuta pesa ya mwaka mzima saa nane usiku, mtahangaika bure.

Halafu hii ya kuruka moja kwa moja hadi hospitali ya Kenyatta au ya Moi kule Eldoret kwa sababu "levo ya 6 ndio nzuri." Levo ni aina ya huduma iliyopewa leseni, haihusiani na ukubwa wa jengo wala uzuri wa vigae. Kuna kliniki ya kibinafsi ina ghorofa nne na ni levo ya 3. Uliza mambo mawili tu mlangoni: ni levo gani, na je, ina mkataba na SHA.

Kuna mahali nina shaka na sitaficha. Mtu anayepata pesa kidogo kidogo kila siku kuambiwa alipe ya mwaka kwa mkupuo, mimi sioni kama ilipangwa na mtu anayemjua huyo mtu. NHIF alikuwa analipa 500 kwa mwezi. Siku hizi kuna Lipa SHA Pole Pole ya kugawanya malipo, ni afadhali, lakini wengi wanaofika kwangu hawajawahi kuisikia. Na yale maswali ya paa na sakafu, nimeona mjane mwenye nyumba ya mawe aliyoachiwa na marehemu akipangiwa kiwango ambacho hawezi, nyumba haileti chakula jamani. Hata hiyo zahanati ya bure, ukikuta dawa zimeisha utaambiwa ukanunue nje.

Kwa hivyo leo usiku, kabla hujalala, piga *147# uangalie kama umelipa. Mpigie na mzee wako kijijini umuangalizie yake, umuulize "baba, ulilipa ama ulijisajili tu?" Akisema hajui, hajalipa.