Dhana potofu kuhusu kuinua utendaji wa kampuni

Dhana: Kampuni ikizorota, wa kulaumiwa ni wafanyakazi wavivu.

Ukweli: Dhana hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na imewaumiza watu wengi wasio na hatia. Kiwanda cha General Motors cha Fremont, California, kilifungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya utoro, migomo na magari yenye kasoro. Kilipofunguliwa tena mwaka 1984 kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, pamoja na chama chao cha wafanyakazi. Kilichobadilika ni uendeshaji wa kazi: watu walipangwa katika vikundi vidogo, mamia wakapelekwa Japani kujifunza, na kila mmoja akaruhusiwa kuvuta kamba iliyopita kando ya mstari wa kuunganisha magari pindi aonapo kasoro, ili kiongozi wa kikundi aje kusaidia, na ikibidi mstari mzima usimamishwe. Utoro ulipungua sana na ubora ukapanda ndani ya muda mfupi. Inasikitisha kwamba General Motors yenyewe ilichukua miaka mingi kuyaeneza mafunzo hayo katika viwanda vyake vingine, kwa maana kununua mitambo ni rahisi kuliko kumwamini mfanyakazi. Kiongozi anayetaka matokeo bora na aende kwanza mahali kazi inapofanyika, aulize ni nini kinachowakwamisha watu wake, kabla ya kuandika barua ya onyo hata moja.

Dhana: Malengo makali huongeza bidii.

Ukweli: Malengo yana nafasi yake, lakini yakizidi uwezo halisi na kuambatana na tishio la kufukuzwa, watu huitafuta namba na kumsahau mteja. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitaka kila mteja auziwe bidhaa 8. Mwaka 2016 ikatozwa dola milioni 185, baada ya kubainika kwamba huenda akaunti zipatazo milioni 2 zilifunguliwa bila idhini ya wenyewe. Wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa, ingawa shinikizo lilitoka juu. Kila lengo la wingi liandamane na kipimo cha ubora, kama vile malalamiko ya wateja au idadi ya wanaorudi kununua tena.

Dhana: Kampuni yenye faida haiwezi kufilisika.

Ukweli: Inaweza. Mauzo ya mkopo huandikwa kuwa mapato hata kabla mteja hajalipa, ilhali mishahara, kodi na madeni ya wauzaji wa bidhaa hudai fedha taslimu. Makadirio ya fedha zitakazoingia na kutoka katika wiki 13 zijazo, yakipitiwa kila wiki, humpa kiongozi nafasi ya kuwakumbusha wadaiwa au kuomba muda zaidi wa kulipa kabla akaunti haijakauka.