Fatsia si mbarika, na jalidi haiiui

Wageni wangu kutoka nyumbani wakifika bustanini kwangu hapa Uingereza, husimama mbele ya kichaka kimoja cha fatsia na kuuliza, "Mbarika huu umeishije na baridi hii?" Siwashangai. Jani ni pana kama sahani na limegawanyika kama vidole vya kiganja. Waingereza wenyewe huiita fatsia mbarika wa uongo.

Lakini hizo ni koo mbili tofauti. Mbarika, au mnyonyo, asili yake ni Afrika Mashariki. Mbegu zake zina sumu kali, na jalidi ya kwanza, ile baridi ya kugandisha, huumaliza. Fatsia ni ya Japani na Korea, na ndugu yake ni ule mtambaa unaopanda kuta za nyumba nyingi Ulaya. Mwaka 1912, huko Nantes, Ufaransa, wauza miche wa Lizé walichanganya fatsia na mtambaa huo wakapata chotara. Ukitaka kutofautisha fatsia na mbarika, geuza jani. La mbarika, kikonyo hushika ndani ya jani, na ukingo wote una meno kama msumeno. La fatsia ni zito, linang'aa, na kikonyo hushika kwenye kitako chake. Wajapani huiita yatsude, yaani mikono minane, ila ukihesabu vidole utapata saba au tisa mara nyingi.

Wengine husema, "Jani kubwa linataka jua kali." Hapana. Juani majani hupauka na kuungua kingo. Yangu iko upande wa kaskazini wa ukuta, penye kivuli, mahali ambapo maua mengine yalinigomea, na ndipo ilipopendeza.

Kinachoniuma zaidi ni watu kuing'oa Januari wakidhani imekufa. Mwaka wa kwanza niliamka nikakuta kila jani limening'inia, kichaka kizima kama mwavuli uliofungwa. Nikadhani ni kiu, nikakimbilia ndoo. Maji yaligeuka barafu juu ya udongo. Kumbe baridi ikizidi, maji huganda nje ya seli na kuvuta yaliyo ndani, vikonyo vikalegea. Mchana kulipopata joto, majani yalinyanyuka moja baada ya jingine. Iache, usiiguse.

Wengine huogopa wakiona majani ya chini yanageuka manjano na kudondoka. Kuwa kijani mwaka mzima si kukaa na jani lile lile milele. La zamani huanguka, jipya limeshatoka juu. Na ikirefuka ikabaki miguu mitupu, ikate fupi majira ya kuchipua, itachipua upya.

Eti haina maua ya maana? Hutoa Oktoba na Novemba, mafungu ya vijitufe vyeupe, wakati bustani nyingine zimeshalala. Siku yenye kijua, nyuki, nyigu na nzi hujaa pale, maana pengine pa kunywa ni pachache. Baadaye hufuata matunda meusi, na ndege huyamaliza.