Petroli ya okteni kubwa: yanayosemwa Dodoma na yanayotokea ndani ya silinda

"Weka ile ya bei, gari lipate nguvu." Maneno haya huyakosi kwenye sheli za Dodoma, na yanawala watu pesa bure.

Okteni haipimi nguvu. Inapima ustahimilivu: petroli itabanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla haijajiwasha yenyewe. Petroli ya 95 inastahimili sawa na mchanganyiko wenye sehemu 95 za iso-okteni, kimiminika kinachostahimili sana, na 5 za heptani, kinachojiwasha upesi. Nishati iliyomo kwenye lita ya 91 na lita ya 95 inakaribiana sana. Faida inaonekana kwenye injini iliyotengenezewa okteni hiyo, yenye mgandamizo mkubwa au turbo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Injini kama hiyo ukiinywesha ya chini, sensa yake ikisikia tu mlio wa kwanza wa petroli kujilipua huchelewesha cheche, nguvu ikapungua.

Dhana inayonisumbua zaidi ni ile ambayo hata mafundi wazuri wanayo: eti okteni kubwa huungua polepole. Kuungua ni jambo moja, kujiwasha ni jingine. Plagi ikitoa cheche, mwali unaanza pale na kusambaa silinda nzima kwa milisekunde chache. Ndiyo maana cheche hutoka kabla pistoni haijafika juu. Kasi ya mwali inaamuliwa zaidi na msukosuko wa hewa mle ndani na uwiano wa hewa na petroli. Namba ya okteni haiamui. Ethanoli, aina ya alkoholi, okteni yake inapita 100, na bado mwali wake hauachwi nyuma na ule wa petroli.

Injini inaponoki, tatizo si mwali kukimbia mno. Mchanganyiko uliobaki pembeni, ambao mwali haujaufikia, umebanwa na kupata moto hadi ukalipuka wenyewe kwa mpigo. Utasikia mlio kama kokoto kwenye kopo, hasa ukiwa na mzigo mlimani.

Fundi mmoja pale Majengo aliniwekea mkononi pistoni ya gari dogo. Ukingo wake ulikuwa umeliwa vitundu vitundu, kama muhindi uliodonolewa na kuku. Mwenye gari alipandisha mlima wa Nyang'oro akienda Iringa, gari limejaa, na petroli ya madumu aliyonunua njiani ilikuwa inanuka mafuta ya taa. Mafuta ya taa okteni yake ni ndogo sana. Yakichanganywa na petroli yanaishusha yote. Aliyemuuzia alijipatia shilingi chache, mwenzake akapoteza injini. Inaniuma kila nikikumbuka.

Halafu kuna wanaotoka Dar es Salaam wakifika huku wanalaumu petroli: gari limekuwa zito. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ina shinikizo pungufu kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, inachoma petroli kidogo, nguvu inashuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Okteni kubwa hairudishi hewa hiyo. Tena, kwa kuwa shinikizo ndani ya silinda limepungua, injini ya namna hii hainoki kwa urahisi huku kama pwani. Mwenye turbo asijihesabu humo: turbo yake inaisukuma hewa ndani hata huku juu, kwa hiyo okteni iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi ibaki ile ile.