Je, wajua kwa nini nyama ya Jumapili ya Wajerumani hulowekwa tangu katikati ya wiki?

Katika bonde la mto Rhein, magharibi mwa Ujerumani, nyama ya Jumapili huanza kuandaliwa siku nne au tano kabla, wengine hata wiki nzima. Pande zima la nyama ya ng'ombe, la bega au la paja, huzamishwa kwenye siki iliyochanganywa na maji au mvinyo, pamoja na vitunguu, karoti, pilipili manga, karafuu na punje za mreteni. Chakula hicho huitwa Sauerbraten. Mimi nimefundishwa na mama mkwe wangu, mzaliwa wa huko, na nilimuuliza jambo ambalo mpishi yeyote wa kwetu angeuliza: sisi nyama tunaitia ndimu asubuhi, mchana tunaila. Hii siku zote hizo inangoja nini?

Sababu ya kale ni kuizuia isioze. Majokofu yalipokuwa hayajaingia majumbani, siki ilikuwa mlinzi mzuri, maana bakteria wengi wanaoharibu nyama hawastawi penye asidi. Zaidi ya hapo, watu wa Rhein zamani walikipika chakula hiki kwa nyama ya farasi, na mnyama aliyevuta mkokoteni miaka mingi hatafuniki kirahisi. Siku hizi wengi hutumia ng'ombe.

Lakini jokofu sasa lipo, na nyama laini inauzwa kila bucha. Mbona bado wanaloweka?

Mama mkwe alinijibu kwa kisu. Alikata kipande cha pembeni cha nyama iliyolala kwenye siki usiku mmoja, akanionyesha: ukingo mwembamba ulikuwa umegeuka kijivu, ndani kote bado nyekundu. Ule ukijivu ndipo asidi ilipofika. Asidi husafiri polepole mno ndani ya nyama, milimita chache tu kwa siku, na pande lenye unene wa kiganja halifikiwi kati kwa saa mbili tatu. Ndimu yetu hutosha kwa sababu nyama ya mishikaki tunaikata vipande vidogo.

Inapofika, asidi hubadilisha protini za nyama. Nyuzi zake huanza kusukumana na kuachana, zikapata nafasi ya kushika maji zaidi. Kolajeni nayo, ile protini ngumu inayofunga misuli na kuifanya nyama iwe ya kutafuna kutwa, hulegea. Hapa wengi hudhani siki ndiyo iliyomaliza kazi, na sivyo. Siki hulegeza tu. Kinachoilainisha nyama hasa ni moto mdogo wa saa mbili na nusu au tatu, sufuria ikiwa imefunikwa, kolajeni ikiyeyuka na kuwa jelatini. Ndiyo maana mchuzi wake huwa mzito na wenye kung'aa. Ukiipitisha nyama muda kwenye siki, nje huwa kama unga mdomoni huku ndani ikikauka.

Ukali wa siki hupozwa mwishoni. Watu wa Rhein hutia zabibu kavu, kisha huvunjavunja keki ya viungo yenye mdalasini na karafuu ndani ya mchuzi, ikauongezea uzito na utamu. Nilipoona keki ikiingia kwenye mchuzi wa nyama nilishangaa, lakini aliyezoea mchuzi wa ukwaju na sukari ataielewa ladha hii mara moja.

Pembeni huwekwa matonge ya viazi na kabichi jekundu lililopikwa na tofaa. Kabichi hilo nalo lina kisa chake: rangi yake, anthosianini, hufuata asidi. Likichemshwa kwa maji matupu huelekea zambarau na buluu. Likitiwa tofaa na siki kidogo hubaki jekundu linalovutia.

Ukitaka kujaribu nyumbani, usiloweke nyama kwenye sufuria ya alumini, kwa sababu siki huila alumini na nyama huchukua ladha ya chuma. Tumia bakuli la kioo, la udongo uliong'arishwa au la plastiki ya chakula, siki ya kawaida ya asilimia 5 uichanganye na maji kiasi kilekile, na asiyetumia mvinyo atie juisi ya zabibu. Igeuze nyama kila siku. Wazee wa Ujerumani waliweka chungu chao kwenye chumba cha chini ya nyumba, penye ubaridi karibu mwaka mzima. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam, bakuli likae ndani ya jokofu tangu siku ya kwanza.