Maji ya bahari yameingia kwenye kontena: hasara ni ya nani?

Kila muhula naanza darasa kwa swali moja. Mnunuzi ameagiza mashine kutoka nchi ya mbali. Mkataba ni wa CIF, yaani bei inajumuisha bidhaa, bima na nauli, na muuzaji amelipa nauli ya meli na bima mpaka bandari ya mnunuzi. Katikati ya safari bahari inachafuka, maji yanaingia ndani ya kontena na mashine zinaharibika. Hasara ni ya nani?

Karibu darasa zima hujibu: ya muuzaji, kwani si ndiye aliyelipa bima na nauli? Wanaojibu hivyo si wanafunzi dhaifu. Wengi wao wanaweza kukueleza nadharia ya faida linganishi bila kugugumia, na wanajua Shirika la Biashara Duniani lilianza kazi 1995. Hata hivyo, wamekosea. Kwenye CIF, hatari humhamia mnunuzi mara tu bidhaa zinapokuwa melini katika bandari ya kuondokea. Muuzaji hugharamia safari mpaka mwisho, lakini hatari ameshaitua bandarini kwake. Gharama inaendelea na safari, hatari imebaki kule nyuma, na asiyelijua hilo husaini mkataba akidhani amelindwa.

Nawauliza la pili: haya, mnunuzi atalipwa na bima? Hapo darasa hunyamaza kabisa. Kanuni za Incoterms, zinazogawa gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi, ambazo Chemba ya Kimataifa ya Biashara ya Paris ilizitoa mara ya kwanza 1936 na sasa tunatumia toleo la 2020, zinamdai muuzaji wa CIF akate bima ya kiwango cha chini tu, ile ya Vifungu C (bima ya shehena ina ngazi tatu, A ikiwa pana kuliko zote na C finyu kuliko zote), kwa asilimia 110 ya bei ya mkataba. Vifungu C vinahusu majanga kama meli kuzama, kuungua au kugongana. Maji ya bahari kupenya kwenye kontena hayamo. Kwa hilo ulihitaji Vifungu B au A, na ulipaswa kuyasema hayo kabla ya kusaini. Mnunuzi wetu ana cheti cha bima mkononi na hana fidia.

Nalianza somo hivyo kwa sababu ya imani niliyoifikia baada ya miaka ya kazi na miaka ya kufundisha: anayesomea biashara ya kimataifa afuatilie mzigo mmoja tangu oda mpaka malipo, ajue kila hatua ni nani anabeba hatari, nani ana fedha na nani ana karatasi. Nadharia zote nyingine zitapata pa kushika.

Karatasi nilizijua kwa maumivu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kampuni iliyouza mashine nje, na malipo yalikuja kwa barua ya dhamana ya benki, ile ambayo wenyewe huiita LC tu (letter of credit): ahadi ya benki kumlipa muuzaji akileta nyaraka zinazolingana na masharti yake. LC ilitaja mashine kwa maelezo marefu, pamoja na modeli yake na kwamba ni mpya. Mimi kwenye ankara nikafupisha. Kwangu ilikuwa kitu kilekile. Benki ikakataa kulipa. Nilipiga simu kueleza kwamba mzigo ni sahihi, umekaguliwa, kila mtu anajua. Aliyenipokea alinijibu kwa upole kwamba benki haishughuliki na mashine, inashughulika na nyaraka. Ndivyo kanuni za UCP 600, zile za kimataifa zinazoongoza LC, zinazotumika tangu Julai 2007, zinavyosema: maelezo ya bidhaa kwenye ankara yalingane na yale ya LC, benki ina siku tano za kazi za kukagua, na kwa kawaida nyaraka ziwasilishwe ndani ya siku 21 tangu kupakia. Sisi siku zilikuwa zinakatika. Mzigo ulifika, ukakaa, na gharama za kontena zikawa zinapanda kila kukicha mpaka mnunuzi alipokubali kupokea nyaraka zenye kasoro. Nilikuwa na shahada nzuri. Hakuna somo hata moja lililokuwa limenionyesha LC.

Sheria nayo hupitiwa juujuu. Mhitimu akiona mkataba umeandikwa "utaongozwa na sheria ya Ufaransa", hufikiri ni sheria za ndani za Ufaransa pekee. Lakini Ufaransa ni mwanachama wa Mkataba wa Vienna wa 1980 kuhusu mauzo ya bidhaa kimataifa, ulioanza kutumika 1988, na mkataba huo huingia kama sehemu ya sheria hiyo isipokuwa pande zote zimeuondoa. Uingereza haijajiunga nao, India vilevile. Naomba wanafunzi wangu wajue angalau hilo: kuuliza kama mkataba huo wa Vienna unahusika, kabla ya kumwita wakili.

Tukija kwenye utamaduni, hapa nina ugomvi kidogo na namna tunavyofundisha. Geert Hofstede, mtafiti Mholanzi wa tofauti za tamaduni, alichambua dodoso zaidi ya 100,000 za wafanyakazi wa IBM, akachapisha matokeo 1980, na alama zake za utamaduni wa kila nchi ziko kwenye karibu kila kitabu cha somo hili. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Tatizo ni matumizi. Alama ile ni wastani wa nchi. Haikuelezi lolote la uhakika kuhusu mtu aliyeketi mbele yako. Nimeona wahitimu wakiingia kwenye mazungumzo wakiwa wamekariri kwamba watu wa nchi fulani hawasemi "hapana" waziwazi, kisha wakaambiwa "hapana" mchana kweupe wasiisikie, kwa kuwa walikuwa wanatafuta maana iliyojificha.

Mfano wa Walmart, kampuni ya Marekani ya maduka makubwa, nchini Ujerumani unaonyesha vizuri. Kampuni iliingia 1997, ikaondoka 2006 kwa kuuza maduka yake kwa Metro, kampuni ya Kijerumani. Darasani hadithi husimuliwa kama kisa cha tabasamu: Wajerumani hawakupenda kupokewa mlangoni kwa bashasha. Inasimulika kirahisi. Lakini washindani walikuwa Aldi na Lidl, waliokwisha kuuza kwa bei ya chini mno kwa miongo, na mwaka 2000 mamlaka ya ushindani iliamuru Walmart, na hao wawili pia, waache kuuza baadhi ya vyakula vya msingi chini ya gharama. Silaha kuu ya kampuni ilikuwa bei. Anayefundishwa tabasamu peke yake atarudia kosa lilelile mahali pengine huku akijipongeza kwa kuheshimu mila.

Mara nyingi kinachowakwaza watu ni kidogo na hakina fahari. Ukiandika 03/04, Mmarekani anasoma Machi 4, wengine wengi wanasoma Aprili 3. Ukiandika 1.000, Mjerumani anasoma elfu moja na Mwingereza anasoma moja. Mwandishi makini huandika jina la mwezi kwa herufi. Na kwenye mkutano wa Kiingereza, mara nyingi asiyeeleweka ni yule aliyezaliwa nacho, anayesema haraka na kwa mafumbo ya kwao, wakati wale waliojifunza ukubwani wanaelewana vizuri.

Wazazi huniuliza kuhusu ithibati za kimataifa za vyuo vya biashara: AACSB, EQUIS, AMBA. Zina maana, kwani zinakagua walimu, mitaala na uendeshaji wa chuo. Hazikuambii kama mwanao atashika hati ya shehena (bill of lading), ile ambayo mwenye meli hutoa akipokea mzigo, kabla hajahitimu. Muulizeni mwalimu swali hilo moja kwa moja.

Muhula wa kusoma nje nao naupenda, ila sikubali kwamba kusafiri peke yake kunafundisha. Wengi huenda wakakaa na watu wa kwao, wakarudi na picha. Ninaowatuma huenda na kazi: wampate mfanyabiashara mdogo wa huko anayeagiza au kuuza nje, wakae naye, waandike ni wapi fedha zake hukwama na kwa nini. Ripoti hizo ndizo ninazozisoma kwa hamu kuliko zote.

Mtihani wangu wa mwisho ni faili. Ndani yake mna LC, ankara, hati ya shehena, cheti cha asili ya bidhaa na cheti cha bima, na nimeficha kasoro kadhaa. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alikaa kimya saa nzima, halafu akaweka kidole kwenye cheti cha bima: kilikuwa na tarehe ya siku mbili baada ya mzigo kupakiwa, na hakuna mahali kilipoeleza kwamba bima ilianza mapema zaidi. Kwa benki hiyo ni sababu tosha ya kukataa. Sehemu ya pili ya mtihani ni kumwandikia muuzaji, ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza na ambaye hajakosea kwa makusudi, barua fupi ya kumwomba alete cheti kilichorekebishwa kabla siku 21 hazijaisha. Barua hiyo ina nusu ya alama.